Mate Yangu Hayahitaji Shahidi

Kwa miaka kumi na tisa nimelipwa mshahara kwa kutema mate. Wenzangu wengine hutema bure, barabarani, na watu huwaangalia vibaya. Mimi nilikuwa natemea ndani, chini ya feni, nimevaa koti jeupe, na daktari bingwa akinishukuru.

Nieleze vizuri, maana mama mkwe wangu mpaka leo anaamini kuna kitu tunamficha kuhusu kazi yangu. Mimi ni fundi wa maabara ya hospitali. Mgonjwa akikatwa kipande kidogo cha ini, au cha ngozi, au cha chochote kinachotia wasiwasi, kipande hicho huletwa kwangu ndani ya kichupa cha dawa ya formalini. Nakigandisha kwenye nta, nakikata kwa mashine hadi kiwe chembamba kuliko ganda la kitunguu, nakilaza juu ya kioo, nakitia rangi, kisha nampelekea Daktari akitazame kwenye hadubini. Anayeandika jina la ugonjwa ni yeye. Anayemwezesha kuuona ni mimi, jambo ambalo nimewakumbusha watu wengi, wakiwemo ambao hawakuuliza.

Sasa mate yanaingia wapi? Ini huhifadhi wanga, na kuna rangi tunayotumia ambayo huufanya wanga huo uwe wa zambarau. Tatizo ni kwamba vipo vitu vingine, vibaya zaidi, ambavyo navyo huwa vya zambarau. Kwa hiyo tunaandaa vioo viwili vya ini lile lile. Cha kwanza hutiwa rangi hivi hivi. Cha pili hulowekwa kwanza kwenye kimeng'enya kinachokula wanga, ndipo kitiwe rangi. Zambarau ikitoweka, basi ulikuwa wanga tu, mgonjwa ashushe pumzi. Isipotoweka, kuna jambo. Kimeng'enya hicho huuzwa kikiwa unga, na kichupa cha mwisho kiliisha kwenye maabara yetu mwaka ule nilioajiriwa. Lakini mate ya binadamu nayo yanacho, tena bure. Fundi anatema juu ya kioo, anasubiri nusu saa, anasuuza, anaendelea na kazi. Ni njia ya wazee wetu wa maabara na haina kosa, mradi fundi awe na mate.

Nami nilikuwa nayo. Nilikuwa nikifikiria limau tu, kinywa kinajaa. Daktari wa zamani, mzee aliyestaafu, alinipa jina la Chemchemi, na nililipokea kama cheo. Kanuni inasema kila mara uweke pia kioo cha tatu, cha ini linalojulikana kuwa zima. Hicho tunakiita shahidi. Mate yakiufuta wanga wa shahidi, umejua kwamba mate yamefanya kazi. Nilikiweka kwa miaka miwili, halafu nikaona ni kunivunjia heshima. "Mate yangu hayahitaji shahidi," nilimwambia Daktari wa sasa siku ile alipohamia kwetu. Huyu ni mama mpole mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Alicheka, akadhani natania. Kumbe aliamini kwamba shahidi nakitazama mwenyewe kabla ya kumletea vioo.

Mwaka jana mkate wa mke wangu ukaanza kuwa mkavu.

Mke wangu huoka mkate kila Jumamosi, kwa mikono yake, na kwa miaka yote ya ndoa yetu nimeula huku nikijiona tajiri. Basi asubuhi moja nikatafuna, nikatafuna, tonge likakwama juu kwenye kaakaa. Nikamwambia mkate umekauka. Akasema samahani, labda moto ulizidi. Wiki iliyofuata akaongeza maziwa, bado mkavu. Akaongeza siagi, akaufunika kwa kitambaa kibichi, akapunguza moto. Ilifika Jumamosi moja akaniletea kipande, akakibonyeza kwa kidole mbele yangu, kidole kikazama.

"Mume wangu, huu naweza kuukamua nikapata uji," alisema. "Bado mkavu?"

"Labda wamebadilisha unga," nilijibu, nikijiona muungwana kwa kuwa sikumlaumu yeye moja kwa moja.

Baada ya hapo hakuoka tena. Tukawa tunanunua mkate wa dukani, ambao nao ulikuwa mkavu, lakini huo sikuulalamikia kwa sababu hakuna mtu wa kumlalamikia. Naona haya kuandika hivi. Naandika kwa sababu nilistahili kuona haya tangu wakati ule.

Dalili nyingine zilikuja zikijipanga foleni, na kila moja niliipa mtu wa kumsingizia. Macho yaliwasha kama yana mchanga, nikailaumu formalini. Sauti ilikwaruza, nikaulaumu ujumbe wangu kwenye kamati ya ukarabati wa hospitali, ambao ulinilazimu kusema sana, ingawa wajumbe wenzangu watakwambia hakuna aliyenilazimisha. Jino likamomonyoka nikitafuna biskuti. Daktari wa meno akaniangalia kinywani muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mzee, hapa ndani pamekauka kabisa," alisema. "Huna mate."

Nilicheka mpaka kioo chake kidogo kikaponyoka juu ya ulimi wangu. "Kijana wangu, unajua unazungumza na nani?"

Hakujua. Akaniandikia barua nikamwone daktari wa ndani. Niliikunja barua ile nikaitia kwenye mfuko wa koti jeupe, na koti likafuliwa nayo. Mganga hajigangi, wanasema, na mimi nilikuwa nusu mganga, kwa hiyo nilijipa ruhusa ya kutojiganga kikamilifu.

Shida ni kwamba kazini vioo vilikuwa vinangoja. Nilifikiria limau, halikuja kitu. Nilifikiria embe bichi lenye chumvi, nikapata utelezi kidogo kwenye ncha ya ulimi. Siku moja nilisimama mbele ya kioo kwa dakika kumi na midomo imechongoka, kama mtu anayejaribu kumpiga busu mtu aliyeondoka, na nilichotoa ni pumzi. Ndipo nikapata akili, ile akili inayowapata watu waliokwisha kuamua kufanya ujinga. Nikachukua maji ya bomba, nikasukutua, nikayatemea kwenye kioo. Nilijiambia kwamba maji yale yamepita kinywani mwa Chemchemi, lazima yamechukua kitu njiani.

Nilifanya hivyo kwa miezi minne.

Alhamisi moja asubuhi Daktari aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameinama juu ya hadubini.

"Fundi, hii zambarau haijatoka," alisema.

Ini lilikuwa la dereva wa lori, mgonjwa wa sukari ambaye ini lake lilikuwa limevimba. Vioo vyote viwili, kile chenye "mate" na kile kisicho nayo, vilikuwa vya zambarau sawasawa.

"Kama ni wanga ungekuwa umekwenda," Daktari aliendelea. "Hii ni kitu kingine. Itabidi achomwe sindano ya ini mara ya pili, kipande kiende hospitali ya rufaa. Anakuja kesho saa nne, nitamweleza." Akainua kichwa. "Shahidi uliweka?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli, pana na palipofagiliwa.

"Niliweka, Daktari," nikasema.

Nilitoka nikitembea haraka, na kwenye benchi la korido nikamkuta mtu mnene mwenye bahasha mapajani. Aliona koti langu, akasimama.

"Samahani mkubwa, wewe ndiye unayetoa majibu ya ini?"

"Mimi naandaa tu. Majibu anatoa Daktari."

"Mimi ndiye yule dereva. Nimeambiwa kesho, lakini nimeshindwa kukaa nyumbani." Akajishika ubavu wa kulia. "Nesi mmoja hapa amenidokeza labda nitachomwa tena. Kaka, mimi nimeteremka mlima na lori la saruji breki zimekufa, sikupiga hata kelele. Lakini siku ile ya sindano nililia. Usimwambie mtu."

Nikamwahidi kwamba simwambii mtu. Ahadi hiyo nayo nimeivunja, kama unavyoona.

Mchana sikula. Nilichukua nta ya ini zima, lile la mashahidi, ambalo lilikuwa limekaa kabatini miaka kumi na saba likinisubiri. Nikakata vioo vitatu. Kimoja sikukigusa. Cha pili nilikitemea maji yangu ya kusukutua. Cha tatu nilikitemea mate halisi, ambayo niliyakusanya kwa robo saa huku nikijikanda mashavu, na yalipotoka yalikuwa ute mmoja mzito usiozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Nusu saa nikasubiri, nikasuuza, nikatia rangi, nikatazama. Vyote vitatu vilikuwa vya zambarau. Ungeweza kuvichanganya, usijue kipi ni kipi.

Niliketi. Niliogopa, nasema wazi, lakini sikuogopa ugonjwa. Niliogopa kwamba kesho saa nne mtu angechomwa sindano ya ini kwa sababu ya maji ya bomba, na niliogopa zaidi, Mungu anisamehe, kwamba watajua maji hayo ni ya nani.

Kwa hiyo nikapanga mpango. Nilifika nyumbani jioni na kichupa kidogo kisafi, nikamkuta mke wangu anakunja nguo.

"Naomba mate yako," nikasema.

Aliniangalia, akaangalia kichupa, akaendelea kukunja shati. "Umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu. Ni ya kazi. Kidogo tu, nusu kijiko."

"Kwani ya kwako yamekwenda wapi, Chemchemi?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, lakini ulimi ulinata kwenye meno, kama ulivyokuwa ukinata kwa mwaka mzima, na ikanibidi ninyanyue bilauri ya maji ninywe kwanza. Naye akaona. Baadaye aliniambia alikuwa ameona tangu zamani: maji kando ya kitanda, mchuzi niliokuwa nikiumwaga juu ya kila kitu, jinsi nilivyoacha kupiga mluzi. Alikuwa akingoja nimwambie. Aliweka shati chini.

"Sema," alisema.

Nikasema. Nilisema habari ya maji ya bomba, dereva, shahidi na uongo wangu. Nilimweleza pia mpango: anipe mate yake, niingie maabara saa moja asubuhi kabla Daktari hajafika, nitengeneze kioo kipya, nikibadilishe kimya kimya. Dereva atapona sindano, mimi nitapona aibu.

"Na wale wengine wa miezi minne?" aliuliza.

Sikuwa nimewafikiria wale wengine. Yaani, nilikuwa nimewafikiria, nikawarudisha walikotoka.

"Mimi mate yangu sitoi kwa ajili ya wizi," mke wangu alisema. "Kesho nakwenda na wewe. Utamwambia Daktari mbele yangu, kisha nitatema hapo hapo, hata ndoo nzima. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na unajua mimi nikianza kueleza jambo huwa sifupishi."

Nilijua. Ni kitu ambacho nimekilalamikia pia, kwa miaka mingi kuliko mkate.

Ijumaa saa moja na nusu tulikuwa mlangoni kwa Daktari, mke wangu amevaa gauni lake la kwendea harusi. Nilisema kila kitu nikiwa nimesimama, kwa sentensi fupi, nikinywa maji kati ya sentensi na sentensi. Daktari alivua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani, akavua na hiyo. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Miezi minne," alisema.

"Ndiyo, Daktari."

"Na jana ulinidanganya."

"Ndiyo, Daktari."

Alimgeukia mke wangu. "Mama, umekula nini asubuhi?"

"Sijala, Daktari. Nimesukutua tu."

"Twende."

Nimeona mafundi wengi wakitema katika maisha yangu, lakini sijaona mtu aliyetema kwa utulivu kama mke wangu. Aliinama juu ya kioo kipya cha ini la dereva, kisha juu ya shahidi, akajifuta midomo kwa leso, akavuta stuli, akakaa. Tulisubiri nusu saa watu watatu bila kusema neno, na kwa mke wangu hiyo ni sadaka kubwa. Kisha nikasuuza, nikatia rangi. 

Shahidi kilikuwa kimesafishika, zambarau yote imekwenda. Daktari akaweka cha dereva chini ya hadubini. Akasogeza kioo kulia, akasogeza kushoto.

"Wanga," alisema. "Wanga mtupu. Ni sukari yake tu haijatulia. Hachomwi mtu hapa."

Saa nne tulimsikia dereva akicheka kutoka korido ya pili. Mke wangu ndiye aliyelia, na Daktari akampa kiti chake.

Mimi nilipewa barua ya onyo, na nilistahili mbili. Vioo vyote vya ini vya miezi minne vilirudiwa, kumi na moja, kila kimoja na shahidi wake, na kwa juma zima mke wangu alikuja kila asubuhi bila kula, akatema, akarudi nyumbani. Majibu ya watu wawili yalibadilika. Wote wawili Daktari aliwaita, akaniketisha pembeni yake nisikie akiwaeleza ni kosa la nani. Mmoja alinisamehe papo hapo. Wa pili hakunisamehe, na sidhani atanisamehe. Hapo maabara jina la Chemchemi limehama, sasa ni la mke wangu, na walinzi wa getini humpigia saluti.

Kisha Daktari akasema, "Sasa zamu yako. Fungua mdomo."

Alinipeleka kwa mpasuaji, ambaye alinichoma ganzi, akapasua kidogo ndani ya mdomo wa chini na kutoa tezi ndogo za mate tano, kila moja kama punje ya mtama. Fundi mwingine angeweza kuzikata, lakini niliomba nizikate mwenyewe. Daktari alikubali kwa sharti kwamba asimame nyuma yangu. Kioo kile hakikuhitaji mate, bahati nzuri. Nilikata vizuri sana, hilo lazima niseme, mkanda wa nta ulitoka bila mkunjo hata mmoja.

Daktari alitazama kwanza, kisha akanipisha. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikitazama viungo vya watu, na hapo ndipo nilipojitazama mimi. Vijia vya mate vilikuwepo, lakini kila kijia kilikuwa kimezingirwa na vidoti vya buluu, mamia, vimesongamana bila nafasi.

"Hizo ni chembe nyeupe za damu," Daktari alisema. "Kazi yake ni kulinda mwili, lakini kwako zimekosea. Zimeiona tezi yako mwenyewe kuwa adui. Moja inafika, inaita wenzake, wanakaa, na baadhi wanatengeneza kingamwili za kuupiga mwili uliowazaa. Tezi za macho zinafanyiwa hivyo hivyo, ndiyo maana yanawasha. Kundi moja la chembe hamsini linatosha kuonyesha ugonjwa. Wewe unayo makundi manne, katika eneo dogo kuliko punje ya mchele."

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimepita nguo, kimefika mdomoni. Nilitazama wale walinzi wangu, wenye bidii, wenye uhakika, wasiomuuliza mtu, wanaopiga nyumba ile ile waliyowekwa kuilinda, na sikuweza kuwachukia. Niliwafahamu vizuri mno. Nao hawakuwa na shahidi.

"Utapona?" nilimuuliza, nikikosea hata nafsi, kama vile mgonjwa ni yeye.

"Hupati dawa ya kuumaliza, ila tutautuliza. Kuna matone ya macho, vidonge vya kuchochea mate yaliyobaki, na maji, maji, maji. Na meno uyaangalie." Akavaa miwani. "Si ugonjwa unaowapata wanaume sana. Katika wagonjwa kumi, tisa ni wanawake."

"Kwa hiyo mimi ni wa nadra?"

"Fundi," alisema Daktari, "usianze."

Jumamosi nilimwomba mke wangu aoke mkate. Alisita mlangoni mwa jikoni, akaniuliza aweke maziwa kiasi gani, siagi kiasi gani, moto apunguze kiasi gani. Nikamwambia aoke kama zamani, kabla sijafungua mdomo wangu.

Ulitoka na ganda la kahawia. Alikata kipande, akakiweka mbele yangu pamoja na bilauri ya maji, akasimama mikono ikiwa kiunoni. Nilitafuna. Tonge lilikwama palepale linapokwama siku zote. Nikanywa maji, likashuka, na nyuma yake ikaja ladha, ile ile ya miaka yote.

"Mkavu?" aliuliza, na nilisikia kwenye sauti yake Jumamosi zote zile.

"Mkate ni mzuri," nikasema. "Ulikuwa mzuri muda wote. Mkavu nilikuwa mimi."

 Alivuta kiti, akakaa, akajikatia kipande chake, akakila taratibu akitazama dirishani, na macho yake, ambayo hayana ugonjwa wowote, yalijaa.

"Sema tena," alisema.

Mdomo ulikuwa umekwisha kukauka. Nikanywa maji, nikasema tena.